Jinsi Nilivyozipanga Kurasa za Hifadhidata

Jumatatu, 9 Machi

Kuanzia leo intaneti iko mikononi mwangu. Si yote. Ile sehemu muhimu. Naandika haya ili siku watakapouliza ilikuwaje, wasibabaishwe na watu wa pembeni.

Asubuhi mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliniita ofisini kwake. Yeye na mwenzake wanatengeneza kiunzi, yaani mifupa ya tovuti. Wao wanatoa mifupa, mafundi wengine huko duniani wanajazia nyama. Ofisi yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la rangi, ngazi za chuma, dirisha moja halifunguki. Si neno. Mambo makubwa huanzia pabaya. Mimi mwenyewe nilizaliwa kwenye korido.

Kazi ni hii. Wana kurasa za marejeo za sehemu ya hifadhidata. Fundi akisahau namna ya kuhifadhi data, kuitafuta au kuiondoa, anakwenda kusoma pale na kunakili mfano. Lakini kurasa ziliandikwa kila moja kwa siku yake, zimelala ovyo kama nguo zinazosubiri pasi. Mpwa akaniambia, Mjomba, wewe ulipanga lile duka la vipuri mpaka mteja akawa anaijua bolti ilipo kabla hujamwonyesha. Nipangie na hizi. Vichwa vifanane, zinazoelekeana zikae pamoja, anayesoma mara ya kwanza asipotee. Ndani usiguse. Usifute kitu.

Nikamwambia amefika kwa mwenyewe. Katika duka lile niliwahi kumtafutia mtu gia ya trekta nikiwa nimefumba macho. Akaenda kuifunga kwenye ndege. Ndege ikaruka.

Hakucheka. Alifunga mlango. Akasema Ijumaa anakuja mhandisi wa hospitali kubwa, mama asiye na masihara. Atakaa peke yake na kurasa hizi. Haulizi mtu, hasaidiwi na mtu. Akiweza kuendesha data kwa kusoma tu, hospitali inachukua kiunzi chetu. Akishindwa, mwisho wa mwezi ofisi inafungwa. Mwenye nyumba ameshaambiwa. Dada yangu hajaambiwa.

Nimeapa kufunga mdomo. Nimepewa na nywila, neno la siri la kuingilia. Mimi, niliyeishia darasa la sita kwa sababu walimu waliishiwa vya kunifundisha.

Jumanne, 10 Machi

Nimekutana rasmi na mpinzani, yule mwenzake mpwa. Humu wanamwita Nukta, maana akisema neno moja amemaliza. Ndiye aliyeziandika kurasa. Ana ndevu na kiti kinachozunguka. Mimi nimepewa kiti cha plastiki chenye mguu unaotaka kwenda kwingine.

Nikamuuliza hifadhidata ni nini hasa. Si kwamba sijui. Nilikuwa nampima. Akasema, ghala. Na majedwali? Akasema, rafu. Nikamwambia basi ndugu yangu umeingia nyumbani kwangu, vua viatu.

Hakuvua. Akasema anataka zipangwe hivi: kuunganisha, kuunda jedwali, kuingiza data, kuitafuta, kuibadilisha, kufuta, na mwisho kabisa kurejesha kilichopotea. Mwanzo mpaka mwisho, kama maisha ya mtu. Nikamuuliza ni ghala gani aliloliona limepangwa kama maisha ya mtu. Kinachotoka sana kinakaa mlangoni. Plagi na mikanda ya feni mbele, injini nzima kule nyuma kwenye buibui. Akasema, mzee, hili si duka. Nikasema kila kitu ni duka, hata ndoa. Akasema, sawa. Akageuka na kiti chake.

Kwa kuwa mimi si mtu wa kushindwa na kiti, nikamtega. Nikamuuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa: katika kurasa zote, ukurasa upi unafunguliwa sana na wasomaji? Bila kuinua kichwa akajibu, Kufuta Jedwali.

Kesi imekwisha. Hakuuliza kwa nini nauliza. Mimi sikuuliza kwa nini wanaufungua.

Kuna na uchafu mwingine. Kila ukurasa una visanduku vyekundu. Tahadhari, amri hii haina kurudi nyuma. Tahadhari, hakikisha una nakala ya akiba. Tahadhari, fikiri kwanza. Kurasa zimetapakaa wekundu kama mtoto mwenye surua. Nimeuza breki miaka nenda rudi na sijapata kumwambia mteja kwamba breki huwa zinakataa. Mteja anataka kutiwa moyo. Sasa huyu mama anatoka hospitali, kila siku anaona wagonjwa, halafu afike hapa naye tumtishe?

Jumatano, 11 Machi

Siku ya ushindi. Mkono bado unanitetemeka, si kwa woga.

Nimezihamisha kurasa zote. Unashika ukurasa kwa kipanya, unauburuta, unauachia. Mwanzoni zilikuwa zinanidondoka katikati ya safari kama vifaranga. Baadaye nikazizoea. Kufuta Jedwali uko wa kwanza, mlangoni, unang'aa. Kuunganisha, ule ukurasa mrefu wa kuchosha, nimeupeleka nyuma kwenye injini. Vichwa vyote nimevifananisha. Kwa macho ya haraka ni kama gwaride.

Halafu visanduku vyekundu. Nilidhani itabidi niving'oe kimoja kimoja, na mpwa alisema ndani nisiguse. Mimi ni mtu wa kutii. Nikazunguka zunguka kwenye mipangilio, nikakuta pameandikwa Onyesha tahadhari, na alama ya vema pembeni. Nikaiondoa ile alama. Ndani sikugusa hata herufi. Vyote vikazimika kwa pamoja, kurasa zikawa nyeupe kama shuka la hoteli. Nilibaki nimeduwaa kwa uwezo wangu.

Mchana mpwa alipita, sikio moja kwenye simu, akaitazama orodha ya vichwa juu juu. Akasema, Mjomba, zimependeza. Akanipiga bega. Hakufungua ndani, hana muda, wanapambana na hitilafu fulani inayowatoa jasho tangu wiki jana. Nilimtazama Nukta kuona kama amelisikia lile neno, zimependeza. Alikuwa amevaa vile vidude vya masikioni. Nikamwomba mpwa arudie kwa sauti. Alikuwa ameshaondoka.

Nilipokuwa nafunga kompyuta Nukta akanyanyuka, akaja, akasimama nyuma yangu. Akauliza, umemaliza? Nikasema kitambo. Akauliza, mbona umenyamaza hivyo? Nikamwambia wataalamu huwa tunanyamaza. Akasema hajawahi kuniona nimenyamaza. Akarudi kwenye kiti chake polepole, akizunguka kidogo kunitazama. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Alhamisi, 12 Machi

Sijisikii vizuri. Huenda ni rangi za dukani chini, harufu imepanda.

Asubuhi Nukta alinipiga chenga. Kwa amri moja tu, bila kufungua hata ukurasa mmoja, aliingia kwenye mifano ya kurasa zote akabadilisha majina ya majedwali. Palipokuwa na bidhaa akaweka wagonjwa, ili mgeni wa hospitali ajione yuko kwao. Mpwa alifurahi akapiga makofi. Makofi kabisa. Mimi nilipata bega tu. Nikasema hata mimi wazo hilo nilikuwa nalo ila nilikuwa naliachia liive.

Kisha Nukta akasema kurasa amezifunga. Haziguswi tena mpaka mgeni aondoke, asije mtu akaharibu dakika za mwisho. Nikamuunga mkono kwa nguvu zote. Watu wanapenda kuharibu.

Tukiwa tunakunywa chai kwenye ngazi nikamuuliza, kwa mazungumzo tu, yule mama atapimaje. Akanieleza, na leo maneno yalimtoka mengi kuliko kawaida yake. Amezungumza naye kwa simu. Atakuja na data yake, orodha ya wagonjwa wa kubuni aliyoiandaa mwenyewe. Yeye Nukta ataiingiza kwenye mashine na kuiunganisha kabla hajakaa. Kisha mama ataanza ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, na kila mfano atakaoukuta atauandika vilevile ulivyo na kuutekeleza. Hachagui, haruki. Kwa sababu watu wake wakichoka, akasema, ndivyo wanavyosoma.

Chai ikanipita njia isiyo yake.

Ukurasa wa kwanza. Kufuta Jedwali. Mfano, wagonjwa. Kisanduku chekundu, hakuna.

Nimefikiri haraka, kama kawaida yangu wakati wa hatari. Nikamwambia Nukta afungue kurasa kidogo tu, nimekumbuka koma moja imekaa vibaya. Akauliza iko wapi. Nikasema koma haikai mahali pamoja. Akauliza ukurasa upi basi, airekebishe yeye. Nikasema nimesahau, ila nikiachiwa peke yangu nitaikumbuka. Alinitazama mpaka nikajihisi nimevaa shati kinyume. Akasema, koma itasubiri.

Nikaamua kwenda kwa mpwa nimweleze. Sio kukiri. Kumweleza kitaalamu. Mlango ulikuwa wazi nusu. Alikuwa anaongea na simu na mama yake, yaani dada yangu, anacheka kile kicheko cha kulazimisha. Anasema kazi zinakwenda, Mama, tena mwaka huu tutaongeza na watu. Ndiyo, Mjomba anasaidia sana. Akakata simu. Akakilaza kipaji cha uso juu ya meza, akabaki hivyo hivyo, mikono inaning'inia.

Nimerudi kwa ncha za vidole.

Jioni akatoka, macho mekundu, akaniuliza mbele ya Nukta: Mjomba, ndani hukugusa kitu, eti? Nikasema, mimi? Nikacheka. Nikamuuliza yeye ananijua tangu lini. Akasema tangu azaliwe, ndiyo maana anauliza.

Nina mpango. Nitampokea yule mama mwenyewe, mlangoni.

Ijumaa, 13 Machi

Naandika nimejilaza, miguu juu ya mto. Nitaeleza kwa utaratibu.

Nilivaa koti la harusi yangu. Mgeni alifika mapema, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mkoba mmoja, hana mlinzi wala mbwembwe. Nikampokea juu ya ngazi. Nikamwambia karibu mama, mimi ndiye msimamizi wa kurasa, na kwa faida yako, wasomaji wetu mahiri wote huanza mwisho wakirudi mwanzo. Inafungua akili. Akaniuliza kwa upole, mzee wangu, na gazeti unalisoma hivyo hivyo? Nikasema hasa. Akasema yeye amekuja kusoma, hakuja kusomewa. Akapita.

Nukta akaiweka data yake kwenye mashine. Tukaona majina ya wagonjwa wamejipanga kwenye skrini, safu kwa safu, umri, kitanda, dawa. Mama alisema aliwaandika mwenyewe jioni baada ya kazi, kila mmoja kampa na ugonjwa wake. Mpwa akasimama ukutani, kucha mdomoni. Sheria ni sheria, hakuna kusema neno.

Nikajaribu mpango wa pili. Nilimpelekea chai na kuimwaga kidogo karibu na kibodi. Akasogeza kikombe kwa kidole kimoja bila kunitazama. Huyu mwanamke amelea watoto.

Akavaa miwani. Akafungua ukurasa wa kwanza.

Nikamwona Nukta anasoma kichwa cha habari kutoka alikosimama. Nikaona midomo yake inatamka kimyakimya, Kufuta Jedwali. Akageuka kunitazama. Sijawahi kutazamwa vile, hata siku ile nilipomrudishia fundi gari lake bila usukani. Mpwa hakuwa ameona bado, alikuwa anamwangalia mgeni. Nukta akanyanyua mkono kama anayetaka kuzuia lori. Akakumbuka sheria. Mkono ukabaki hewani.

Mama akanakili mfano, herufi kwa herufi. Akautekeleza.

Wagonjwa wakatoweka. Wote. Hospitali nzima imepona kwa mkupuo mmoja. Skrini nyeupe.

Chini dukani mtu alikuwa anatikisa kopo la rangi, na sauti ile ilipanda mpaka ndani ya mifupa yangu. Mpwa akateremka ukuta taratibu mpaka akakaa sakafuni. Hakulia. Alinitazama tu, na ningependelea alie.

Mgeni akavua miwani. Akaipangusa. Akaivaa. Akashusha macho kwenye orodha ya kurasa, akaenda ukurasa wa pili. Umeandikwa Kurejesha. Akasoma, kidole kinafuata mstari. Akanakili mfano wa kwanza, wa kuirudisha nakala ya akiba ambayo kiunzi hujiwekea chenyewe kabla ya kufuta. Akautekeleza.

Wakarudi. Mmoja mmoja, safu kwa safu, umri, kitanda, dawa. Mama akawahakiki kwa kidole kama mwalimu anayeita majina. Hakukosekana hata mmoja.

Akageuza kiti. Akauliza nani amezipanga kurasa hizi.

Nikasema, Nukta.

Mama akasema, ukurasa wa kurejesha kuwa jirani na ukurasa wa kufuta ni jambo ambalo hajalikuta kwingine kokote. Kule alikotoka kupima, kurejesha kumefukiwa mwisho kabisa, baada ya porojo zote. Na wanaokimbilia kurasa hizi si watu waliokaa raha wanasoma. Ni mtu ameshakosea, daktari amemsimamia kichwani, mkono unatetemeka. Huyo anahitaji msaada uwe mbele yake.

Nikasema, chini ya usimamizi wangu, lakini.

Basi kama ni wewe, akasema, nieleze na hili. Kufuta kumekaaje ukurasa wa kwanza? Na mbona hakuna hata neno moja la kumwonya mtu? Ninyi mnaufunga mlango wa chumba cha dawa, au mnauacha tu?

Nukta akasema maonyo yapo, aliyaandika kwa mkono wake. Akaenda kwenye mipangilio. Akaiona alama imeondolewa. Akairudisha, na wekundu ukarudi kurasa zote. Walinigeukia wote watatu. Nikaangalia dirisha lisilofunguka.

Mpwa akainuka sakafuni, akajipangusa sketi, akasema sauti ikiwa imara kabisa: huyu ni mjomba wangu, nilimpa kazi mimi, na kosa ni langu. Tunaomba nafasi ya kurekebisha ukiwa hapa hapa.

Mama aliitazama saa. Akainywa ile chai. Akasema rekebisheni.

Wakahangaika wawili wale, bega kwa bega. Kufuta wakaupeleka unakostahili kwa mujibu wa Nukta. Kurejesha ukaachwa juu, maana mgeni alisema usiguswe. Mimi niliambiwa nikae kwenye kiti cha plastiki na nisiondoe mikono magotini. Kisha mama akaanza upya, ukurasa kwa ukurasa. Alikwenda mpaka mwisho bila kukwama. Akakunja mkoba. Akasema majibu Jumatatu.

Nilimuaga mpwa nikiondoka, akasema, haya Mjomba. Haya tu. Ingekuwa tusi ningelala.

Jumatatu, 16 Machi

Hospitali imekubali.

Mpwa alisoma ujumbe mara mbili, kisha akampa Nukta asome, kisha wakakumbatiana mpaka kiti kikazunguka chenyewe. Nikawaongezea mikono yangu kwa nje. Alimpigia mama yake simu akamweleza yote, hofu na yote, sasa kwa kuwa imepita. Dada akaomba niongee naye. Aliniita majina ambayo hajaniita tangu tukiwa wadogo. Ni furaha hiyo, anashindwa kuieleza.

Baadaye mpwa akanikalisha. Akasema ananipenda, akasema mimi ni damu yake, akasema nywila wameibadilisha na mpya sitapewa. Nikamwelewa upesi. Mtu mkubwa hashiki funguo mwenyewe. Nimehamishiwa kupokea wageni na kuangalia chai, ila chai nisiipeleke karibu na mashine. Yaani uso wa kampuni. Nilimuuliza Nukta kama naweza kupata kiti kinachozunguka kulingana na cheo. Akasema, hapana.

Anajua ni nani aliyeiokoa ofisi hii. Mgeni alisema kwa mdomo wake, jambo ambalo hajalikuta kwingine kokote. Nimeanza kumwandikia yule mama ombi la kwenda kumpangia chumba cha dawa. Dawa zinazotoka sana mlangoni, zile kali kali hasa, na vibandiko vya kutisha watu tuvibandue kwanza. Mgonjwa anataka kutiwa moyo.

Kuhusu ukurasa wa Kurejesha, wakiniuliza nitasema ulikuwa utaalamu. Humu naweza kuandika vingine. Jumatano niliukamata niufutilie mbali, kwa kuwa duka linalotangaza kurudisha mali linakaribisha fujo. Nikabonyeza. Kompyuta ikatoa kisanduku chekundu, ikaniuliza: una uhakika? Ukifuta haurudi. Ni utovu wa adabu kumuuliza hivyo mtu mzima, na nitamwambia Nukta swali lile aliondoe kabisa. Lakini wakati ule nilishtuka, kipanya kikanitoka mkononi, ukurasa ukaenda kuangukia pale juu, jirani na Kufuta Jedwali, nami sikuthubutu kuugusa tena. Niliogopa.